Tip-tip, kiboko, bombom

Kasiba yenyewe ina urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole. Muhunzi mmoja wa Birere, hapa Goma, anaipitishia upepo kutoka kwenye mivuo hadi kwenye makaa, na hiyo ndiyo kazi ya kasiba hiyo tangu alipoirithi kwa baba yake. Moto umeila kwa nje hadi imeota magamba kama gome la mti. Lakini ukiigeuza, karibu na mwisho wa nyuma, utaona kitundu ubavuni, kidogo kiasi kwamba sindano ya kushonea magunia inapita kwa shida. Hapo ndipo cheche ya jiwe ilipopenya kuikuta baruti.

Watu wa pwani walioleta bunduki za namna hii bara waliziita za gumegume, kwa jina la lile jiwe la kuwashia. Zilizozitangulia, za kuwashwa kwa utambi, waliziita za mrao. Zilizofuata, za kofia ndogo ya kugongwa, waliziita za fataki, na mwisho zikaja za viasi, zile zinazolishwa kwa nyuma. Hayo ni majina ya wafanyabiashara: yanakuambia ukiishiwa uagize nini dukani. Muzee wa Birere hajui hata moja kati ya hayo. Nilipomwuliza chombo chake kinaitwaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la kijiko.

"Ile ni pupu, Madamu. Baba alikuwa naita pupu, babu vilevile. Inalia pu! Kisha unangoja."

"Unangoja nini, muzee?"

"Unangoja moshi itoke, uone kama nyama iko chini."

Nilikwenda kwake kwa sababu ya swali la darasani. Nafundisha historia katika sekondari, mwaka wa 28 sasa. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa tano, aliyekuwa ameona filamu ya Wyatt Earp kwenye simu ya kaka yake, alisimama akauliza: "Madamu, yule polisi wa Marekani bunduki yake ilikuwa na jina. Ya kwetu je? Bakubwa betu balikuwa banaita silaha yabo namna gani?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Kuhusu Earp jibu nilikuwa nalo. Alipigana Tombstone, huko Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, mapigano ya nusu dakika hivi, akaishi miaka mingi baadaye na kufia Los Angeles mwaka 1929. Mwaka 1931 mwandishi Stuart Lake alitoa kitabu juu yake, na ndani ya kitabu hicho ikatokea bastola ya Colt yenye kasiba ya inchi 12, zawadi kutoka kwa Ned Buntline, mtunzi wa hadithi za bei nafuu. Bastola ikaitwa Buntline Special, ikaingia kwenye televisheni na madukani. Waliopekua vitabu vya kiwanda cha Colt hawakuona agizo la bastola hizo. Jina lilikuja baada ya mtu kufa, kutoka kwa mwandishi aliyetaka shujaa wake awe na upanga wa kusimuliwa. Davy Crockett aliita bunduki yake Betsy. William Cody, yaani Buffalo Bill, aliita yake Lucretia Borgia, na ni huyu Bill ambaye vijana wa Léopoldville miaka ya 1950 walimpenda kwenye sinema hadi wakajiita Bills na kujitungia lugha yao wenyewe, Hindubill.

Crockett na Cody walizipa bunduki zao majina wakiwa wamezishika, kitako kikiwa begani. Tangu swali lile nimejaza daftari zima kwa majina ya silaha niliyopewa na wazee wa Goma, wa Rutshuru na wa Masisi, na mengine niliyoyakuta vitabuni. Karibu yote yametoka upande wa pili. Aliyetoa jina ni yule aliyesikia mlio akiwa amelala ndani ya mahindi.

Chukua jina kubwa kuliko yote katika historia ya Kiswahili cha bara. Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo mwenyewe anaeleza kwamba watu aliowashambulia walisema bunduki zake zinalia tip-tip, mlio usiovumilika masikioni. Basi akawa Tippu Tip. Wapo wanaosema jina lilitokana na macho yake yaliyopepesa. Livingstone, aliyekutana naye mwaka 1867 baada ya vita vya Tippu Tip na Nsama wa Itabwa, alipewa maana nyingine, ya mkusanyaji wa mali. Mimi naamini maelezo ya bunduki, na sababu yangu ni ya kimwalimu: watoto wadogo hujifunza jina la kitu kwa sauti yake kabla ya kujua umbo lake, na watu wale walikuwa hawajapata nafasi ya kulitazama umbo.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyebeba jina la mlio wa bunduki zake alifanywa mlinzi wa sheria. Februari 1887, huko Unguja, mpelelezi Stanley alimpa mkataba kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji: awe wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, azuie biashara ya watumwa mtoni, alipwe pauni 30 kwa mwezi. Aliyepewa ulinzi wa mto ndiye aliyetajirika kwa pembe na kwa watu. Wanafunzi wangu kila mwaka huona jambo hili ni gumu kuamini, na kila mwaka nawaambia walisome tena. Tippu Tip alirudi pwani, na vita vya 1892 hadi 1894 vilipowakuta wanawe na washirika wake, Nyangwe ikaanguka kwa jeshi la Dola hiyo, chini ya Dhanis, Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Alikufa Unguja mwaka 1905. Kilichobaki kwetu ni lugha. Kiswahili ninachofundishia, ninachonunulia fufu na ninachomlilia marehemu kilipanda kutoka Maniema pamoja na zile tip-tip, na sijapata njia ya kukipenda bila kukumbuka hilo.

Dola iliyomfuata nayo ilipewa jina na watu. Stanley alipokuwa akipasua barabara kwenye miamba ya Kongo ya chini, kuanzia 1879, Wakongo walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo likamvuka mwenyewe likawa la serikali yote: afisa ni Bulamatari, karani ni wa Bulamatari, kodi ni ya Bulamatari. Osumaka Likaka, mwanahistoria wa kwetu Kongo, ameandika kitabu kizima juu ya majina ambayo wanakijiji waliwapa Wazungu wa koloni, na nilipokisoma nilielewa kwa nini bibi yangu hakuwahi kumtaja afisa yeyote kwa jina la ubatizo wake. Hapa Goma neno hilo lina uzito wa pekee. Sisi tumejenga juu ya lava. Baada ya Nyiragongo kumwaga moto katikati ya mji mnamo Januari 2002, kila aliyetaka nyumba alivunja mawe, na bado kina mama wanaketi kando ya barabara na nyundo zao, wakiponda kokoto za kuuza kwa ndoo. Hakuna aliyewahi kuwaita Bulamatari.

Silaha ya Bulamatari ambayo wazee wanaikumbuka zaidi haikuwa bunduki. Bunduki ya Force Publique, yaani jeshi la koloni, ilikuwa Albini yenye risasi nene; ilikuwa mkononi mwa askari, nao wazee waliitaja kwa haraka tu. Lakini nikiuliza juu ya ile nyingine, sauti hushuka. Nimeishika moja. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya kitambaa kwenye nyumba ya familia moja ya Rutshuru, ambayo babu yao alikuwa polisi wa chifu na aliitunza baada ya uhuru. Ni ukanda wa ngozi ya kiboko uliokaushwa juani ukiwa mbichi, ukasokotwa ungali unakubali kusokotwa, mrefu kupita hatua yangu moja, mnene mahali pa kushika na mwembamba kama kidole cha mtoto nchani. Nilidhani ungekuwa laini kama mkanda. Ni mgumu kama mti, na kingo za msokoto zinakwaruza ngozi hata ukizipitisha taratibu kwenye kiganja. Nilizipitisha mara moja tu.

Maofisa waliuita chicotte, neno la Kireno. Watu waliuita kiboko, kwa jina la mnyama ambaye huku kwetu zamani alijaa kwenye Ziwa Edward, mbele ya vibanda vya wavuvi wa Vitshumbi. Sikupata mzee hata mmoja aliyetumia neno la Kireno. Adhabu ilitolewa asubuhi, mbele ya bendera, mtu akiwa amelala kifudifudi na wengine wamesimamishwa watazame. Sheria iliendelea kupunguza hesabu: mwaka 1933 mwisho ukawa viboko 8, mwaka 1951 vikawa 4, na mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru, adhabu ikafutwa. Wachoraji wa Lubumbashi miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, waliichora tena na tena kwa kichwa kile kile, Colonie Belge: mfungwa chini, askari mweusi ameinua mkono, Mzungu anatazama, wanawake wanalia pembeni. Picha hizo zilitundikwa sebuleni, juu ya viti vya wageni. Mtoto wa nyumba hiyo alikua akijua kwamba mkono ulioinuliwa ulikuwa wa mtu mwenye sura kama ya baba yake.

Hapa nina jambo langu la kusema. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika shule nyingine, nilikuwa na fimbo ya mparachichi nyuma ya mlango na nilikuwa nikisema, "Utapata viboko vitatu." Fimbo ilikuwa ya mti wa uani kwetu. Neno lilikuwa la enzi ya Bulamatari. Niliifundisha sura ya koloni asubuhi, na mchana nikalitumia neno lile lile kwa mtoto wa miaka 13 aliyechelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Ni yeye aliyenitazama kwa namna iliyonifanya nisikie nilichosema. Fimbo niliichoma jikoni jioni ile.

Kuhusu mizinga na vyombo vya vita, Goma ina sehemu yake, na wengi hawaijui. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipofika huku mwaka 1894 alipanda Nyiragongo, akashuka hadi ziwani Kivu. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na meli ya vita iliyoshushwa Kigoma mwaka 1915 ikapewa jina lake. Basi mtu aliyechungulia kreta yetu akawa chuma kinachoelea Ziwa Tanganyika, na mzinga wa manowari ya Königsberg juu yake. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wakikimbia. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 iliitwa Liemba, jina la kale la ziwa. Abiria wa Kigoma wamepanda Liemba maisha yao yote bila kumjua von Götzen, na naona ni haki.

Ili kuikabili meli hiyo na wenzake katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta kutoka Cape Town boti mbili za injini, za futi 40 kila moja. Zilipanda reli hadi Fungurume, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikaelea Lualaba, zikafika Kalemie mwishoni mwa 1915. Kamanda wao Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Alipokataliwa, akaziita Mimi na Toutou, kwa namna Wafaransa wanavyowadekeza wanyama hao. Mara ya kwanza nilipoisoma habari hii nilisimama kwenye neno moja. Watu waliozikokota boti hizo, waliokata miti na kujenga madaraja ya kuzipitisha, wengi wao waliongea Kiswahili. Kwao, ubavuni mwa boti pangesomeka neno tunalolitumia tukiulizwa nani yuko tayari, nani amefanya, nani ameumia. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, wakaibatiza Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu vinamtaja Spicer-Simson, sketi aliyopenda kuvaa na chale zake. Mimi huwataja darasani waliovuta kamba.

Huku kwetu ziwani Wajerumani walikuwa wamekwisha kukikalia Kisiwa cha Idjwi Septemba 1914. Gisenyi ilikuwa yao na Goma ya Wabelgiji, na mpaka uliokubaliwa mwaka 1910 ulipita pale pale ambapo leo watu wanavuka na mikungu ya ndizi. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur wa Wabelgiji alisukuma brigedi zake kuelekea mashariki. Ya Molitor, ya kaskazini, iliingia Kigali Mei, na Tabora ikachukuliwa tarehe 19 Septemba. Wapagazi walioandikwa na Force Publique katika vita hivyo walipita laki mbili. Babu yangu, baba wa baba, alikuwa mmoja. Alichukuliwa akiwa kijana katika vilima vya juu ya Rutshuru, akapewa sanduku la viasi, akalibeba kichwani hadi Tabora.

Aliporudi hakusema mengi, na nilimkuta mzee sana. Lakini alikuwa na neno moja ambalo sisi wajukuu tulilipenda kwa jinsi alivyolitamka, akivimbisha mashavu: bombom. Ndiyo bunduki ya rashasha. Tulikuwa tukimwomba: "Babu, sema tena." Miaka mingi baadaye nililikuta neno hilo kwenye kamusi ya Kiswahili, nikashika ukurasa kwa kidole kama mtu aliyeona jina la ndugu yake kwenye orodha. Lilitumika jeshini Afrika Mashariki. Viwanda viliipa silaha hiyo majina ya mabwana, Maxim, Vickers, Hotchkiss. Wapagazi wakaipa jina ambalo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuliiga. Babu hakupata nishani. Kilichomrudisha Tabora kila usiku kilikuwa sauti hiyo, na bibi alikuwa akimwamsha kwa kumshika mguu, kamwe si bega.

Kuna silaha moja ambayo waliosimama mbele ya bunduki walijipatia wenyewe na kuipa jina wenyewe, nayo ni maji. Ni Götzen yule yule, akiwa gavana, aliyekabiliana na vita vya Maji Maji vilivyozuka mwaka 1905 kusini mwa koloni lake, ambako Kinjikitile Ngwale alikuwa amewapa watu dawa ya kuzigeuza risasi. Mwaka 1964 waasi wa mashariki ya Kongo, Wasimba, walikwenda vitani wakipiga kelele "Mai Mulele!" Na wanamgambo wetu wa Kivu, Mai-Mai, wamelibeba neno hilo hadi leo, wengine wakiwa na pupu mkononi na chupa ya dawa shingoni. Wanafunzi huniuliza kama maji yalifanya kazi. Nawajibu kwa orodha ya waliokufa, kisha nawaomba wafikirie mtu ambaye mbele yake kuna bombom na nyuma yake kuna watoto, na hana kitu kingine cha kuita silaha.

Tulipomaliza sura hiyo niliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja alete jina moja la silaha kutoka kwa mkubwa wa nyumba yao. Ilikuwa mwaka 2025, shule zilipofunguliwa tena baada ya Januari, mapigano yalipoingia mjini na sisi sote tukalala sakafuni, mbali na madirisha. Karatasi zilirudi na kalash nyingi, pupu saba, gobori moja. Msichana mmoja wa benchi la mbele, ambaye hasemi sana, alikuwa ameandika mstari mmoja kwa penseli. Alisema hakumwuliza mkubwa yeyote. Ile kubwa iliyotoka upande wa mlima, ndugu zake wadogo wanaiita Lala-chini, kwa sababu kila inapolia, mama anasema hivyo.

Nimeliandika daftarini chini ya bombom, na tarehe yake, na umri wa ndugu zake: miaka minne na sita.